Mfuniko Mpya wa Tenki

Fundi,

Shikamoo. Nimekaa wiki tano bila kukuandikia kwa sababu kuna jambo moja niliogopa kuliandika, na nikiliruka hilo sina barua. Basi naliandika sasa kabla sijaghairi. Gari lilizima mlimani kwa sababu yangu. Si Anjelusi. Ni mimi, Skola, uliyenifundisha kazi miaka tisa.

Wewe hukujua. Ulikuwa umelazwa kwenye godoro nyuma ya gari, mkeo Mama Osmunda amekupakata kichwa, na kila gari lilipozima uliuliza kama mmefika. Mama ndiye aliyenisimulia. Tangu siku hiyo nikisikia gari linazima popote hapa Mbinga, naweka spana chini nasikiliza mpaka liwake tena.

Ulipokwenda Lipingo kupalilia mihogo, uliniachia gereji na lile gari lako kuukuu, ukasema nitengeneze breki tu. Nikatengeneza breki. Halafu macho yangu yakaenda kwenye lile gunzi. Jamani, Fundi! Gari la fundi mkuu, tenki limezibwa kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kitambaa, na wateja wanatucheka. Kila mavuno ulikuwa unabadilisha gunzi, unayapindua pindua magunzi moja moja kama mtu anayechagua mbegu, na nilipokuuliza ulinijibu jibu lako la kila siku: "Liulize gari, usiniulize mimi." Nikadhani ni ubahili. Nikanunua mfuniko mpya, wa kufungwa kwa ufunguo, wenye mpira mzuri ndani, nikaukaza mpaka mwisho. Nilitaka ukirudi ushangae. Siku hiyo nilijipongeza, nikajinunulia na soda.

Siku nne baadaye tukapigiwa simu kwamba kifua kimekubana. Anjelusi, mpwa wako, alilichukua gari pale gereji. Tenki nilimjazia mwenyewe. Kushuka Lipingo, ziwani, gari halikumsumbua. Lakini walipokupakia na kuanza kupanda kuelekea hospitalini Litembo, likazima. Akatoa upepo kwenye filta, akapampu mafuta kwa mkono, likawaka, likaenda kama robo saa, likazima tena. Mara nne. Alifungua kila kitu kinachofunguka, isipokuwa mfuniko wangu. Ilipofika mara ya nne hukuuliza tena kama mmefika.

Tulikuzika Lipingo, kwenu. Kabla hata udongo haujakauka, maneno yakaanza. Eti Anjelusi aliuza dizeli nzuri njiani akajazia mafuta ya taa. Kaka zako wakayashika maneno hayo. Wakamwambia asikanyage kwenye matanga, na Jumamosi hii, kwenye misa ya kukukumbuka na kusimika msalaba, asionekane. Mtoto uliyemlea mwenyewe tangu dada yako alipofariki.

Gari lilipovutwa mpaka gereji nililiwasha, likawaka bila shida. Nikajaza tenki, nikapanda nalo mlima peke yangu. Likazima. Nikafanya yote aliyoyafanya Anjelusi, halafu sijui nini kilinituma, nikafungua mfuniko. Tenki likavuta hewa kwa kishindo mpaka nikarudi nyuma. Nikawasha, gari likapanda hadi juu bila kukohoa. Nikaegesha pembeni, nikalia mpaka mama mmoja aliyebeba kuni akatua mzigo wake kuniuliza nimefiwa na nani.

Nilipolala chini ya gari nilikikuta kile kibomba kidogo cha juu ya tenki, cha kuingiza hewa mafuta yanapopungua. Ulikuwa umekigongelea kigingi cha mti, umekifunga na kipande cha tyubu. Nikaelewa. Ile masika uliyovuka mto kwenda Liparamba, ukarudi na maji kwenye mafuta, maji yalipita hapo. Ukapaziba, ukaliachia gunzi kazi ya kupitisha hewa. Nami nikaliondoa gunzi, tenki likabaki halina pa kupumulia.

Nina hasira nawe, Fundi. Samahani, lakini ninayo. Sentensi moja tu ingetosha! "Skola, kibomba nimekiziba, gunzi usiliguse." Ungeniambia hata huku unakunywa chai. Lakini wewe ulitaka kila kitu tukigundue wenyewe. Basi nimekigundua. Halafu hasira ikipoa najikuta palepale: mkono uliokaza ule mfuniko si wako. Daktari alisema ni moyo. Nilimuuliza kama mngewahi, akasema hilo hakuna anayeweza kulijua. Nimelala na jibu hilo kila siku.

Kibomba nimekitengeneza. Nimeng'oa kigingi, nikasafisha kutu, nikavalisha mpira mpya na kuukaza kwa klipu. Nimeupitisha mbali na ekzosi, nikaupandisha kando ya shingo ya kujazia mafuta hadi juu kabisa, mahali ambapo maji ya mto hayatafika hata gari likizama nusu. Mdomo wake nimeugeuza chini, nikaufunika kwa kipande cha chujio ili nyigu wasijenge humo na vumbi lisiingie. Nimepanda nalo mlima uleule mara tatu na tenki limejaa. Halizimi. Ungekuwepo ungeinama, ungetazama, ungeguna tu, nami ningejua umeridhika.

Lakini nilinyamaza. Nilitengeneza gari nikaacha mtu aendelee kutukanwa. Hilo ndilo baya kuliko mfuniko, kwa sababu mfuniko niliufunga bila kujua.

Juzi nimeshuka Lipingo. Nilimkuta Mama Osmunda anaanika usipa, nikapiga magoti kwenye mchanga nikamweleza yote. Hakulia, wala hakunigombeza. Aliendelea kutandaza samaki mpaka chanja ikajaa, ndipo akasema, "Kamwambie Anjelusi wewe mwenyewe. Mimi usinitume." Nikaenda. Anjelusi alinisikiliza amesimama, mikono nyuma. Nilitegemea anipige. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo ningefungua tu ule mfuniko?"

Nikamwambia ndiyo. Ufunguo wake ulikuwa kwenye mnyororo uleule wa ufunguo wa gari, Fundi. Alikuwa nao mkononi muda wote. Akaingia ndani akafunga mlango, na mpaka naondoka hakutoka. Nilikwenda kumtua mzigo, nikamwongezea mwingine.

Nakuahidi mawili. La kwanza hungelipenda: wanaojifunza kwangu nitawaambia kila kitu kwa mdomo, hata wakichoka kunisikia. La pili ni Jumamosi. Msalaba ukishasimikwa, kabla watu hawajatawanyika, nitasimama mbele ya kaka zako niseme ni nani aliyekaza ule mfuniko. Labda gereji itakosa wateja. Labda kaka zako watanifukuza pale kaburini kama walivyomfukuza yeye. Anjelusi hajasema kama atakuja. Asipokuja nitasema hivyohivyo, halafu nitakwenda kukaa nje ya mlango wake mpaka afungue.

Lala salama, Fundi wangu. Nisamehe ukiweza. Ukishindwa, mwangalie Anjelusi kwanza.

Skola