Figo Yangu Iliyokataliwa

Machimboni, Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Ni mwezi wa tano tangu niteremke kutoka nyumbani, Sagalla.

Mdogo wangu Mwakio,

Mkono huu umeshika nyundo ya mawe wiki nzima, kwa hivyo vumilia mwandiko. Nakuandikia kwa sababu namwonea wivu mke wako, Wakesho.

Unakumbuka ulipoanza kusafishwa damu kule Voi? Nilikwambia, "Wacha kulia, mimi ninazo figo mbili." Ukacheka: "Yako imezoea mnazi, kaka, itanilewesha!"

Nilijua ni mimi tu. Nani mwingine alikubeba mgongoni tukienda kuteka maji, baada ya mama kutuacha? Hata damu zetu zililingana. Kisha daktari akanivuta kando: nina virusi vya homa ya ini. Mimi, nisiyejua kuumwa!

"Tukimpa figo yako, tunampa na virusi," akasema. "Na dawa atakazokunywa ili mwili usiikatae figo zitapunguza kinga yake. Vitamshinda."

Nilitamani kumpiga. Leo najua alikukinga na mimi.

Figo ikatoka kwa Wakesho. Nilimwombea kwa Mungu apone, na bado roho iliniuma. Naye, kidonda hakijakauka vizuri, akaanza utani: "Shemeji, sasa hata mkojo wake unapita kwangu!" Mkacheka nyote. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Lakini kilichonifukuza nyumbani ni kimanga, ule muhogo wetu wa kupondwa na maharagwe. Tangu utotoni tumekila sahani moja, wewe kila mara ukivuka hadi upande wangu. Mliporudi kutoka hospitali, shangazi akanitengea sahani yangu, na kikombe alichokipaka rangi ili kisichanganywe. Mahali pangu akakaa Wakesho. Nilikutazama. Ukaendelea kula.

Muuguzi wa hapa, anayenipa dawa, ameniambia virusi hivi haviambukizwi kwa sahani wala kikombe. Ni damu ya kuogopa, kwa hivyo tusiazimane wembe tena. Nawe muulize daktari wako kama chanjo ya virusi hivi inakufaa. Msomee shangazi maneno haya, pole pole, mpaka aelewe.

Nitafika wiki moja kabla ya Krismasi. Pondeni kimanga. Figo Wakesho amekupa, na namshukuru kweli, lakini siku hiyo mwambie asogee.

Mimi kaka yako, wa sahani moja