Zulia Lisilo na Maua

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo wako umetulia, na kwamba yule mdogo sasa ameota meno ya mbele, maana mara ya mwisho alinicheka pengo langu huku lake likiwa kubwa zaidi. Sisi huku ni wazima. Baba anakula vizuri, na asubuhi hii amenikosoa jinsi nilivyofunga bomba la jikoni, kwa hiyo ujue afya ipo.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Kwenye simu hunikatiza kabla sijafika katikati ya sentensi, ni tabia yako tangu utotoni, na barua haikatizwi. Tafadhali kaa chini uisome yote, ndipo ukasirike.

Najua unaisubiri Jumamosi. Tulikubaliana nikae na Baba ili wifi apumzike kidogo, kisha uje na gari umpeleke kwenye ile nyumba ya wazee uliyomtafutia nafasi. Sikupinga siku ile. Wifi alikuwa amechoka kweli, na atakayemlaumu atagombana na mimi kwanza. Mzee anayepanga viti katikati ya sebule kila siku, anayewashika wageni mikono wasipite, si mchezo. Hata yule rafiki yake wifi aliyejimwagia chai kwenye gauni jeupe baada ya Baba kumvuta nyuma, nilimwonea huruma. Mlisema mzee amekuwa mkorofi na akili zimemruka. Nami niliamini.

Basi akaja kwangu. Unakumbuka nina kile kitambaa cheusi cha kufutia miguu mlangoni pa chumba cha kulala. Baba alikifikia, akasimama, akashika ukuta na kukizunguka kwa ubavu. Kisha akarudi na kigoda, akakiweka kando yake, akaniambia kwa upole kwamba mfuniko umeibwa, nisiruhusu watoto wapite hapo mpaka alete mwingine. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nililikumbuka zulia lenu, lile jekundu lenye maua meusi ya duara, kila ua ukubwa wa sinia.

Kaka, Baba ametengeneza chemba za maji taka maisha yake yote. Wenzake walimwita Mzee Mfuniko kwa sababu hakuondoka mahali akaacha shimo wazi, hata mvua imnyeshee. Leo macho yake yamechoka, na pale yanaposhindwa kichwa kinamalizia kwa kile kinachokijua. Sebuleni kwenu Baba hakuwa mkorofi. Alikuwa kazini.

Nilikitupa kile kitambaa siku ileile, nikadhani nimemaliza. Wapi. Sakafu yangu unaijua, ile saruji ninayoisugua mpaka inang'aa, nikijisifu kwa majirani. Jua la alasiri likipita dirishani, inametameta. Baba akaikunja suruali hadi magotini, akasema bomba kubwa limepasuka, akaanza kuvuka kwa ncha za vidole. Aliteleza, nikamdaka kwenye mkono wa kochi. Hapo ndipo nilipoamua kwamba sebule hii itapata zulia, na kwamba safari hii atakayelichagua si mwenye nyumba, ni Baba.

Nilimchukua Baba hadi dukani. Muuza mazulia ni mtu mnene mwenye maneno matamu, na alipoona tunaingia wawili alitutandikia maua ya kila aina. Nikamwambia nataka lisilo na ua hata moja, rangi tulivu isiyogombana na mtu. Akanisikitikia. Alisema zulia bila maua ni chai bila sukari, wageni watadhani nimetandika gunia. Nikamjibu kwamba wageni wangu watakanyaga gunia na watashukuru. Kisha nikamwomba ruhusa mzee atembee juu ya kila moja kabla sijanunua. Alinitazama kama aliyetaka kuuliza, kisha akaanza kuyatandika.

La kwanza lilikuwa la kijivu, zuri, lenye pindo jeusi kuzunguka. Baba alilifikia pindo akasimama kama penye mtaro, akanipa mkono nimvushe. Nikasema hilo hapana. La pili lilikuwa jeupe la maziwa, lenye nyuzi za kung'aa. Suruali ikapanda tena magotini, na muuzaji akaangalia viatu vyake mwenyewe kama vimelowa. Hapana. La tatu lilikuwa nene, manyoya yanameza kidole, na mguu wa Baba ukanasa kabla hajamaliza hatua. Hapana. Wateja wengine walianza kusimama kutuangalia. Mwanamke mmoja alininong'oneza nimrudishe mzee nyumbani, ninamwaibisha. Nilimwambia anayeaibika hapa ni yeye peke yake, na akitaka anaweza kwenda kuaibikia dirishani. Unanijua nikishaanza.

Mwisho akatuletea moja kutoka nyuma ya duka, alilosema halinunuliwi. Rangi ya mchanga mkavu, nyuzi fupi, halina pindo wala mng'ao. Kabla hajamaliza kulikunjua Baba alikuwa ameshaanza safari, akalivuka lote bila kutazama chini, akamshika muuzaji bega na kumwuliza ni nani anayesimamia mfereji wa nje ya duka, maana umeziba na ukiachwa hivyo maji yatamwingilia stoo. Muuzaji akakiri kwamba umeziba kweli. Walisimama katikati ya lile zulia wakizungumzia mfereji kama watu waliofahamiana miaka. Mimi nilikwenda nyuma ya marobota nikalia kidogo, kisha nikarudi nikasema nachukua hilohilo.

Tangu tulitandike, viti vyangu viko mahali pake. Cherehani nimeihamishia nyumbani, nashona karibu na dirisha, na wateja wanakuja hapahapa. Wakiingia Baba anawakaribisha, anawakagua viatu, anawauliza mitaro ya kwao. Mmoja alirudi wiki iliyofuata bila nguo ya kushonwa, alitaka tu ushauri wa choo chake.

Nilipokudokezea kwenye simu ulisema zulia haliponyi, na kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli haliponyi. Kuna siku ananiita kwa jina la mama. Kuna siku anavaa koti na kutaka kwenda kazini, nami nafunga mlango, ananikasirikia, na ninaumia. Jirani ananishikia zamu nikienda kununua nyuzi. Sijui itakuwaje mwaka ujao, huenda nitashindwa na nitakuita. Lakini sitamtoa mtu nyumbani kwa kosa la kuogopa shimo, wakati shimo lenyewe nimeweza kuliondoa.

Sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Jana nilikwenda mwenyewe kwenye ile nyumba ya wazee. Sikwenda kuwasema vibaya. Ni watu wema, na pana usafi. Ukumbi wao wote una vigae vyeusi na vyeupe. Nilisimama mlangoni, na akilini nikamwona Baba pale, akilinda mashimo kuanzia asubuhi, na hakuna wa kumpokea zamu. Nikaingia ofisini, nikamwambia msimamizi kwamba nafasi ya baba yetu apewe mzee mwingine. Akaniuliza kama kaka mkubwa anajua. Nikamwambia ndiyo, anajua. Tayari wamempa mama mmoja aliyekuwa akisubiri muda mrefu, na anahamia Jumamosi.

Basi, kaka, sasa unajua. Kasirika, ni haki yako, na ukija kunigombeza nitakupikia kwanza. Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga, na sikuombi uyaoge na mimi. Ninachoomba ni kwamba hiyo Jumamosi gari lije vilevile, lakini lije na nguo za Baba zilizobaki, miwani yake ya zamani, na wewe ndani yake. Amekuulizia. Alitaka kujua yule kijana wake mrefu yuko zamu gani siku hizi, mbona hapiti.

Wabusu watoto, mwambie wifi alale mpaka jua limchoke. Tunakungoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba