Mama Bado Hajapanda

Omera, ndugu yangu Ochieng',

Huku Homa Bay mvua inanyesha kama imetumwa, na najua huko Sori mnaitazama tu bila kupanda. Mama ameshawekewa dripu ya ile dawa ya utafiti, ya kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani.

Lakini hawa watu wa utafiti nawatazama kwa jicho la pembeni. Ugonjwa uko kwenye titi, sasa kwa nini kila asubuhi wanamtuma msichana mpole amuulize Mama kama analala, kama analia? Nikasema wanatafuta sababu ya kumwita mwendawazimu, wamwondoe kwenye utafiti. Mama naye unamjua, mgeni haelezwi shida. Kila swali, "Niko sawa kabisa, nyathina, mwanangu."

Leo msichana ameacha maswali yake, akauliza tu, "Mama, nyumbani mmeshapanda?"

"Bado."

"Na mvua yote hii?"

Mama akamwambia, "Kijana wangu hawezi kupanda kabla yangu, ni mwiko. Na mimi niliogopa kuanza, kwa sababu sijui kama nitavuna."

Halafu akalia. Ochieng', kumbe lile goti alilosema linamzuia kwenda shambani lilikuwa kisingizio!

Bado siwaamini, hata chai yao nainusa kwanza. Lakini mchana Mama amekula samaki mzima, ngege, mpaka kichwa, akaniambia nikuandikie: noa jembe lake, na mbegu usiziguse. Anakuja kuanza mwenyewe.

Nawapenda nyote,
Akinyi