Mutu Mwenye Hakukula Kwetu

Yaya Deo, kaka yangu mukubwa,

Kabla hujaniuliza: ndiyo, butiki yako iko wazi, na hapana, sijabadilisha vile ulipanga vikwembe, vile vitenge vya kuuza. Vya wamama wa kanisa upande wa kushoto, vya arusi juu kabisa. Wateja wanakuja, wanagusa, wanasema "pole, dada", kisha wanaomba nipunguze bei. Bunia ni ileile.

Mulango njo nimebadilisha. Sasa ni wa chuma. Na kila mwenye kuingia ninamuangalia mikono kwanza, uso baadaye. Ungenicheka. Ulikuwa unasema, "Weye Dorika, hata jua likitoka utaliomba karte ya kitambulisho." Basi cheka, lakini sikiliza, kwa sababu iko mutu moja nimemushuku tangu siku tulikuzika, na ni weye peke yako ninaweza kuelezea yote.

Faustin. Ule mulinzi wa nyumba ya kununua zahabu, ngambo ya barabara, mutu wa kwetu kule Fataki kama siye, mwenye alikuwa anakuja kusikiliza mupira na weye ku radio. Watu wote wanamusifu. Wanasema wezi waliingia na bunduki, Faustin akavuka barabara na pistole yake, akapiga, wakakimbia bila kubeba kitu. Wanasema mwizi njo alikuua kabla ya kukimbia. Wanasema bila Faustin tungekufa wawili. Pasta alisema hivyo kwenye mazishi, na watu wakaitika amina.

Miye sikuitika. Nilikuwa pale, yaya. Weye njo ulinisukuma chini ya kontwari, ile meza ya kuuzia, hata kulia ukanikataza. Sikuona kitu, lakini masikio yangu yalikuwa wazi. Nilikusikia unawaambia, "Chukueni, wakubwa, chukueni yote, bila makelele." Nilisikia moja wao anasema, "Inatosha, twende." Twende! Viatu vyao vilikuwa vimeshageukia mulango. Kisha risasi ya kwanza ikalia, na haikutoka ndani ya butiki. Ilitoka kule inje.

Tangu pale sikupata amani. Mulinzi anaacha zahabu ya bosi wake na kukimbilia vikwembe vya jirani, juu ya nini? Alijua namna gani kama ni wezi, na pikipiki zinasimama pale muchana mzima? Nikafika kusema ni yeye aliwaita, kisha wakakosana. Kikulacho kiko nguoni mwako. Nilimusema vibaya ndani ya roho mupaka nikashindwa kusali.

Na yeye, siku zote za matanga iko kwetu. Anapasua kuni. Anafunga bashi, ile turubai ya matanga, mvua ikinyesha. Anachota maji. Mama akaanza kumuita "mwanangu". Miye ninamuangalia tu. Njo nikaona kitu. Bugali inapita, sombe ya majani ya muhogo inapita, Faustin anasema, "Nimeshiba, mama." Kesho yake, "Tumbo inaniuma, mama." Hata maji ya kunywa anakwenda kuomba kwa jirani. Mutu anapasua kuni mupaka jasho inamutoka, na chakula iliyopikwa na zile kuni haigusi!

Unajua kwetu, yaya. Baba alitufundisha tukiwa wadogo: mwenye kumwaga damu ya mutu hakuli ku jungu ya wafiwa mupaka wazee wamuoshe. Akikula, kifo inarudi, kwake ao kwetu. Hata kama aliimwaga bila kutaka. Faustin alikulia Fataki. Hawezi kusema hajui.

Siku ya kumaliza matanga, Mama akatoa koti yako ya kijivu, ile ulivaa ku arusi ya binamu yetu, akasema atamuvalisha Faustin mbele ya watu. Koti yako! Damu ikanichemka. Nikapakua bugali na makayabu, samaki ya chumvi, nikapita katikati ya viti, nikamuwekea sahani ku magoti. Nikasema kwa sauti, "Kula, Faustin. Si weye njo ulitupigania?" Nilitaka macho yote yawe kwake.

Alimega tonge. Akaliviringa, akaliviringa. Akalirudisha ku sahani. Kisha akaniomba, pole pole, twende nyuma ya nyumba.

Kule akaniambia. Aliona pikipiki inanguruma mulangoni bila mutu, akaona kijana na bunduki ndani, akafikiri wanatuua. Hakusikia kama walishasema twende. Akapiga. Mwizi akainama, na weye ulikuwa nyuma yake. "Niliona vile Deo alianguka," alisema. "Nilitaka kusema. Lakini watu walikuwa wameshaanza kunipigia makofi." Kisha akaniuliza, "Dada Dorika, ningeangalia tu?"

Nikamujibu ndiyo. Ungeangalia tu! Leo tungekuwa na butiki tupu, na Deo angekuwa pale inje anawatukana wezi na mama zao. Lakini wakati ule nilikuwa ninasema, wazo ingine ikanikamata: na kama wangekuua, na yeye amesimama ngambo na pistole kiunoni, ningemuita nani? Ningemuita muoga mupaka nife. Hiyo njo inanitesa. Na hata leo sijamuamini kabisa.

Mama akatukuta pale, koti mukononi. Nikafungua kinywa, akaninyamazisha. "Nilijua," alisema. "Hakuna mutu anashiba siku zote." Akamuvalisha ile koti, akafunga kila kifungo, Faustin analia kama mutoto. "Hii si ya kukushukuru," Mama akamuambia. "Mwenye kuvaa koti ya mutoto wangu hawezi kunikimbia kabla wazee hawajamuita." Aa, yaya! Kumbe hii mashaka yangu nimerithi kwake.

Vijana wetu hawajui bado. Wakisikia vibaya watachoma nyumba ya Faustin, na watoto wake wako ndani. Kwa hiyo ninakuahidi: mbele ya wazee nitasema yote mawili. Wezi walikuwa wanakwenda. Na Faustin alikuja mbio kukuokoa. Sitaficha moja ili ingine ipendeze, hata Mama akinikasirikia, hata wadogo zetu wakiniita musaliti.

Lala salama, yaya wangu. Ninakulilia kila asubuhi nikifungua kufuli. Siku wazee watamuosha Faustin, miye mwenyewe njo nitamupakulia, sahani ijae. Lakini usiniombe nikae chini nikule naye. Bado.

Dorika wako