Kisomo Ulichomsomea Zuhura Bila Kujua

Kwako baba yangu,

Ungekuwa hai ningeanza na salamu za ndugu mmoja mmoja, nikupe na habari za mihogo, ndipo nifike kwenye shida yangu. Lakini aliye kaburini mihogo haimhusu tena, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja. Mjukuu wako Salama, ninayemlea mimi, ameniuliza kama ni kweli wewe ndiye uliyemuua mama yake.

Ameambiwa na mtoto mwenzake kisimani, hapa hapa Chikongola, nasi tulidhani maneno ya kijijini kwetu Madimba yamebaki Madimba. Aliniuliza tukiwa tunabangua korosho. Nikamwambia, "Ngoja, nitakwambia." Tangu siku hiyo kila nikifungua mdomo ananitazama, akingoja. Jibu ulikuwa nalo wewe, ukafa nalo. Nimekukasirikia sana kwa hilo, baba, na sioni haya kulisema.

Nakukumbuka ulivyokuwa na mdomo. Kuku akipanda kwenye makopa ya muhogo uliyoanika, ulikuwa unampigia kelele, "Mwewe akuchukue na vifaranga vyako!" Mimi na dada Zuhura tulikuwa tukicheka jikoni mpaka tunaziba nyuso kwa kanga, maana jioni wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuuliza kama kuku wote wameingia bandani. Laana zako zilikuwa za mdomoni tu, kila mtu Madimba alijua.

Kisha vikapotea vikuku vya fedha vya marehemu mama. Ulikuwa umeposa mwanamke wa Msimbati, na ilijulikana kwamba vikuku vile vitakwenda kwake. Siku uliyofungua kasha hukuvikuta. Ukawatazama vibaya wale vijana waliopanga chumba cha uani, waliokuwa wakienda Mtwara kwenye ujenzi wa bandari. Hukuwauliza neno. Hukumuuliza mtu yeyote. Ulikwenda Mikindani kwa shehe kuomba halbadiri, kile kisomo cha kumshitaki kwa Mungu mwizi asiyejulikana, kimfuate popote alipo.

Ulirudi ukatusimulia wakati wa kula, na ulikuwa umefurahi. "Shehe ananiuliza, una hakika na nyumba yako? Nikamwambia, shehe, nyumba yangu naijua." Zuhura alikuwa palepale, amekaa upande kwa sababu ya tumbo. Alikuja kwetu kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi, na mumewe alikuwa Nachingwea kwenye kazi ya karanga. Aliendelea kumega ugali wake.

Ukatangaza kijijini kwanza, ili aliye navyo apate nafasi ya kuvirudisha. Hakurudisha mtu. Siku ya kisomo, Zuhura ndiye aliyewapikia wasomaji wali na samaki. Nilimwona akisugua masinia baadaye, akijiimbia taratibu, na sikuona lolote usoni pake. Mpaka leo sijui kama alikuwa na roho ngumu, au alidhani kisomo hakiwezi kumkuta mtoto wa mwenye nyumba.

Uchungu wake ulipofika ukapitiliza. Bi Somoe mkunga alitoka chumbani akifuta mikono, akakwambia, "Huyu kwa daktari. Ntoto kakaa vibaya, mie siwezi." Bahati lori la yule Mhindi wa Mikindani lilikuwa linapakia makopa jirani, na dereva alikubali. Tulikuwa tumeshaanza kutandika mkeka wa kumbebea. Hapo ndipo Zuhura alipokuita kutoka ndani.

"Baba, vikuku ninavyo mie. Ni vya mama, sikutaka avivae ntu mwingine. Nifungulie kisomo, baba, kinanibana."

Nakuona ulivyoshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Bi Somoe alipaza sauti, "Daktari kwanza!" Zuhura naye akalia, "Kisomo, baba!" Ulisimama katikati yao, na mimi ningetoa chochote siku ile nisiwe wewe. Mwishowe ukasema, "Kwa shehe," ukapanda lori peke yako.

Baba, barabara ya Mikindani ilikuwa moja tu, nayo inapita Mtwara. Lori lilipita mbele ya kambi ya wajenzi wa bandari, palipokuwa na daktari, likaenda Mikindani. Likapita tena palepale likirudi, shehe amekaa mbele na dereva. Mlipofika, Bi Somoe alikuwa amemtoa mtoto, na Zuhura tulikuwa tumeshamfunika. Shehe alisoma hivyo hivyo, maana hakujua afanye nini kingine.

Posa ya Msimbati uliivunja. Vikuku uliviuza, ukanunua mbuzi wa akika ya mtoto. Mdomo nao ukaufunga. Kuku walikula makopa watakavyo, ukiwapigia makofi tu. Mimi nilipoolewa, wewe mzee wangu ukiwa hai na mwenye akili timamu, ulimpa baba mdogo uwakala aniozeshe, kwa sababu uliogopa kutamka neno juu yangu mbele ya Mungu. Nilikaa ndani na hina yangu nikisikia sauti ya baba mdogo, nikakuchukia kidogo.

Sasa nikueleze kinachonikosesha raha. Jirani yangu hapa ni Mama Rozi, Mmakua wa kule Masasi, Mkristo, mumewe karani bandarini. Mchana tunakaa barazani kwake tukisuka ukili wa mikeka, naye hunisomea Biblia yake. Wewe ulitufundisha kwamba Taurati ilitoka kwa Mungu, haichezewi, kwa hiyo nilimwomba anisomee humo, nione Mungu anafanyaje na watu wanaoshindwa na tamaa.

Akanisomea safari ya Nabii Yaakub alipomtoroka mkwewe. Mkewe Raheli, yule aliyempenda kupita wote, alikuwa ameiba vinyago vya baba yake vya ibada, na Yaakub hakujua. Mkwe alipowafikia akadai vitu vyake, Yaakub kwa hasira akasema atakayekutwa navyo asiishi. Raheli alikuwa amevikalia chini ya tandiko la ngamia. Havikuonekana. Safari ikaendelea, na mbele huko njiani Raheli akafa akijifungua.

Ukili ulinitoka mkononi. Nikamwambia Mama Rozi arudie, akarudia, maneno yakawa yale yale.

Nimegombana na kisa hiki kuliko ninavyogombana na mume wangu. Mungu alijua vilipo vile vitu. Nabii Ibrahimu alipoinua kisu juu ya mwanawe, Mungu aliuzuia mkono. Mdomo wa Yaakub kwa nini hakuuzuia? Huyu ni Yaakub yule yule tunayemjua kwetu, aliyemlilia mwanawe Yusufu mpaka macho yakapofuka. Mja anayependa hivyo anaachiwaje aseme neno la kumzika mkewe? Na Raheli alitaka nini kwenye vinyago? Hilo nilimuuliza Mama Rozi, akasema kitabu hakikueleza. Kisha akaongeza, "Lakini vitu vya kwenu vinakuita, dada. Mie kila nikienda Masasi narudi na chungu cha mama."

Nikamuuliza kama laana ndiyo iliyomuua. Akaipitisha tena mistari kwa kidole. "Kimesema kalaani. Kimesema kafa. Hapa katikati hamna neno. Katikati tunajaza sisi wenyewe."

Nilipandwa na hasira. "Sasa kitabu cha Mungu kinaachaje shimo kubwa hivi?"

"Muulize aliyekiteremsha," akasema, akacheka, akaendelea kusuka.

Basi mimi nalijaza kila siku kwa kitu kipya. Leo najaza kisomo, na Mungu naanza kumwogopa kama mtu anayekaa kusubiri neno lituponyoke ulimini. Kesho najaza lori linalopita mlangoni kwa daktari, na Mungu simwoni kabisa mle, nakuona wewe tu na shehe wako. Nikitaka kukulaumu peke yako, sauti ya Zuhura inanijia, maana ni yeye aliyekuomba. Nikimlaumu yeye, najiuliza kosa lake ni lipi hasa, kupenda vikuku vya mama aliyemzaa? Tamaa yake ilikuwa ya vikuku. Na wewe ulikuwa na yako, baba. Ulitamani kumpata mwizi bila kumuuliza mtu uso kwa uso.

Juzi Mama Rozi alinisomea mahali nilipotaka aache. Raheli alipokuwa anakata roho alimpa mtoto jina la uchungu. Yaakub akakataa, akambadilishia, akampa jina la heri. Hapo nililia barazani kwa watu, mchana kweupe, na wapita njia wakinitazama. Nilikukumbuka siku ya saba, shangazi akisisitiza mtoto aitwe Tabu kwa yaliyotokea, na wewe ambaye hukuwa umesema neno tangu mazikoni ukasema, "Anaitwa Salama." Hukupata kusomewa kisa hicho, nina hakika. Ulilitoa mwenyewe.

Hilo halinitoshi, usidhani limenitosha. Jina zuri halimrudishi dada. Ila lilinipa nguvu ya kumwita Salama jana, nikamkalisha mbele yangu, nikamweleza yote. Nilimweleza vikuku, halbadiri, na lori lilivyopita kwa daktari mara mbili. Nilimwambia babu alikosea, na kwamba alikosea akikimbia kumwokoa mama yake, na kwamba Mungu alifanya nini katikati yao mimi sijui, na anayejidai kujua kisimani naye hajui.

Nilitegemea alie. Akachezea pindo la kanga yangu. Kisha akaniuliza, "Na mimi nikichukua kitu chako, mama, utanisomea?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya Mungu na ya nabii, baba. Hilo sikulitazamia. Nikamwambia, "Nitakuuliza kwanza."

Akakubali kwa kichwa, akatoka kwenda kucheza.

Mungu akupanulie kaburi lako, na akuweke karibu na Zuhura mzungumze.

Ni mimi, binti yako uliyebaki naye.