Nilimfukuza Shemeji, Kumbe Kosa Lilikuwa Kwenye Programu Yangu

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie, ila usianze kwa kunilaumu, maana nyumbani nimeshalaumiwa vya kutosha na mke wangu siku hizi ananijibu kwa kichwa tu.

Nina ofisi ndogo ya nyaraka, watu wananiletea mafaili waliyoyaandika kwenye kompyuta nami nawageuzia yawe PDF, na kazi hii sikuisomea popote, nilijifunza mwenyewe kwa kuchungulia na kukosea, hadi nikaandika programu inayofanya kila kitu bila mtu kugusa: inachukua faili, inaifungua programu ya kuandikia kimyakimya nyuma ya skrini, inageuza, inakwenda kwa linalofuata. Faili likigoma, inaliruka. Nilijivunia hilo, mshauri, kwamba mashine yangu haisimami wala haimsumbui mtu kwa maswali.

Kwenye mashine nilimweka shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu. Kila mchana, kabla ya kwenda kula, alikuwa anaizima kompyuta na kuiwasha upya. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Shem, inakuwa nzito. Naipumzisha kidogo, ikiamka inakuwa na nguvu."

Nikamwambia, "Kompyuta haina mgongo, shem. Anayetaka kupumzika ni wewe."

Wateja kwenye benchi wakacheka, naye akacheka kidogo, lakini kesho yake akaizima tena. Mimi ni mtu wa hesabu, nikapiga nikaona ule muda wa kuzima, kuwasha na kupanga foleni upya ungetosha kugeuza mafaili mia mbili, nikapiga marufuku.

Basi mashine ikaanza kugoma kila alasiri. Inakwenda inavuta miguu, halafu inaganda kabisa, na siku moja ikaganda katikati ya barua za wanafunzi wapya wa chuo, ambacho ni mteja wangu mkubwa kuliko wote. Nikaamini shemeji ananikomoa kwa sababu ya ile marufuku, au zile nyimbo anazosikiliza kutoka kwenye flashi zimeingiza virusi. Msajili wa chuo alipokuja kuuliza kazi yake, nikanyoosha kidole mbele yake nikasema, "Huyu ndiye anayeichezea mashine, na leo ndiyo mwisho." Shemeji alichukua mkoba wake akasema, "Sawa, shem. Ila usiache kuizima," akatoka.

Nikaisafisha kompyuta yote, nikaweka kila kitu upya, alasiri ikaganda. Nikaongeza memori, nikapata nafuu, lakini nafuu yenyewe ilikuwa kwamba sasa inaganda jioni badala ya alasiri, na hapo ndipo nikashtuka, kwa sababu kitu ukikiongezea nafasi mara mbili nacho kikaijaza yote, basi kuna kinachoingia kisichotoka. Nikapitisha mafaili mazuri tu, memori ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikachanganya na yale yanayogoma, ikawa inapanda tu. Nikafungua orodha ya programu zote zinazoendelea, nikakuta ile ya kuandikia imefunguliwa mara kumi na tisa, na mafaili yaliyorukwa siku hiyo yalikuwa kumi na tisa. Yote wenyewe waliyafunga kwa nywila, yaani neno la siri. Kila mara programu ya kuandikia iliuliza nywila kwenye kidirisha ambacho hakuna anayekiona, ikasubiri jibu, na programu yangu ikachoka kusubiri ikaenda zake, ikaiacha imekaa palepale inakula memori. Shemeji alipokuwa akizima, alikuwa anazifagia zote bila kujua.

Nimesharekebisha. Mistari mitatu tu, mshauri, kila kinachofunguliwa kifungwe. Mistari mitatu ndiyo iliyonikosanisha na shemeji.

Sasa ameomba kazi chuoni kulekule, na msajili amenipigia simu kuniuliza kama niliyoyasema siku ile ni ya kweli. Nikamwambia niko na mteja, nitampigia. Sijampigia mpaka leo. Nikisema ukweli, chuo kitajua kwamba mbovu ilikuwa programu yangu, na kazi yao ndiyo inayoibeba ofisi hii niliyoijenga peke yangu. Nikinyamaza, shemeji hapati kazi. Lakini naye, mbona hakunieleza ikaeleweka? Angenieleza kitaalamu ningemsikiliza. Watoto wanauliza mama mdogo haji kwa nini, mama yao ananitazama mimi. Nifanyeje?

Fundi wa Mafaili

JIBU

Fundi, pole. Naona unajuta, ila umeyaandika majuto yako kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu.

Unasema hakukueleza ikaeleweka. Alikwambia mashine inakuwa nzito. Ulitaka aseme nini zaidi? Kutafuta sababu ilikuwa kazi yako, programu ni yako. Kuizima hakukuwa tiba, kulikuwa kunaficha ugonjwa, hapo tuko pamoja. Lakini ungevuta kiti ukamuuliza inaanza kulemewa wakati gani, na baada ya mafaili gani, mngeukamata wote wawili huku mkitaniana. Wewe ulichagua kuwachekesha watu wa kwenye benchi. Na hata ulipomfukuza, alikuachia maelekezo mlangoni. Mtu anayekukomoa hafanyi hivyo.

Anza na msajili. Mpigie mwenyewe, usitume ujumbe wala usimtume mkeo. Mwambie shemeji yako hakuharibu kitu, kosa lilikuwa kwenye programu uliyoiandika wewe, umelipata na umelirekebisha. Ukishasema hayo, nyamaza, usianze kumweleza habari za memori. Huenda chuo kikaondoka. Sitakudanganya kwamba ukisema kweli leo utashukuriwa leo. Ila ofisi uliianza bila mteja hata mmoja, kwa hiyo njia ya kutafuta mwingine unaijua. Shemeji yako ana jina moja tu, na ulilichafua wewe.

Baada ya simu hiyo ndipo uende kwake, ili ufike na jambo lililokwisha fanyika, siyo ahadi. Nenda bila mkeo. Usimwombe arudi kazini, hiyo itakuwa ni kujitafutia nafuu yako. Mwambie ulikosea, na kwamba msajili naye ameshasikia hivyo kutoka kinywani mwako. Anaweza asikufungulie mlango. Ana haki. Utarudi siku nyingine.

Lakini simu kwanza. Msajili alikuuliza swali, ukasema utampigia, ukaenda zako. Wewe mwenyewe umeona kwenye mashine yako swali lisilojibiwa linafanya nini likiachwa limekaa. Weka gazeti hili chini, upige.