Munkoyo Nilioumwaga

Mama,

Nimekaa kwenye kiti chako cha plastiki, kile ulichokifunga mguu kwa waya wa shaba ukakataa katakata nikununulie kingine. Jana tulitosha kilio chako, tukakiondoa uani. Mwaka umetimia, nimevua nguo nyeusi, na asubuhi hii nyumba imejaa masufuria ya watu, nisijue yapi ni ya nani. Nimewaacha wote ndani nikatoka uani na daftari, maana kuna jambo nililopaswa kukuambia ukiwa hai na sikukuambia. Usikasirike mapema. Nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Unakumbuka ile ndoo ndogo ya bluu? Ile ya mwisho. Uliileta mwenyewe kwa pikipiki kutoka kwako Manika, umeikumbatia mapajani, vumbi la malori limekujaa mpaka kwenye nyusi. Ulikuwa umeniona nimeanza kupungua. Ukasema, "Weye haukulake tena. Nilikufanyia munkoyo. Ukunywe yote." Ukapumzika kidogo, ukaenda zako. Jioni simu ikalia, na hata salamu hukutoa: "Ulikunywa?" Nikakujibu nilikunywa, Mama, ulikuwa mtamu sana.

Nilikuwa nimeumwaga. Wote, kwenye mfereji nyuma ya jiko, kisha nikaiosha ndoo vizuri ili nikurudishie ikiwa safi. Siku tisa baadaye moyo wako ulisimama pale sokoni, ukiwa umekaa kwenye kiti hiki hiki, mbele ya beseni lako. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka mzima nimekuwa nikiuona ule mfereji kila ninapofumba macho.

Haikuwa maringo, Mama. Ningewezaje kukuringia wewe, uliyetulea kwa mizizi ile ile ya munkoyo, ukiitwanga na kuitia kwenye uji wa mahindi mpaka uchachuke, ukawauzia wachimbaji wakitoka mashimoni na koo zimekauka? Nilikuwa nachoma sindano. Sindano ya kupunguza mwili, mara moja kwa wiki, aliyoniandikia daktari kwa sababu magoti yangu yalikuwa yamevimba na mwili umekuwa mzito. Unajua kazi yangu, kukaa kutwa ofisini nikipanga karatasi za malori ya shaba yanayoelekea mpakani. Nilikuwa nikiinuka kwenye kiti, wenzangu wanageuka kuangalia kelele inatoka wapi.

Na ile dawa ilifanya kazi, sitaisema vibaya. Njaa ilinyamaza. Uvimbe wa magoti ulishuka, vidole vikapungua, pete ikaingia bila sabuni. Ila harufu ya chakula ilinitia kichefuchefu, na tumbo lilikuwa limelala kabisa. Ulipofunua ile ndoo, nilimeza mate mara tatu ili nisitapike mbele yako.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ulikuwa ukiwaonyesha wenzako sokoni: "Muone mutoto yangu, ananona, anakulaka muzuri." Ulikulia kule kaskazini kwenu, na mwaka ambao mahindi yalikosekana ukala mizizi ya porini, na mwili wangu ulikuwa furaha yako. Niliona kwamba kukuambia najichoma ili nikonde ni kukutukana. Basi nikanyamaza, nikasubiri siku nzuri ya kusema, na siku hiyo haikufika.

Sasa sikiliza aibu yenyewe.

Ulipofariki, watu walijaa uani kwako siku zote za kilio. Mimi nilikuwa napungua kila wiki. Mdogo wako, Mama mdogo Ngoie, alikuja kutoka Fungurume na mkeka wake, akakaa, akaniangalia, akapiga makofi ya huzuni: "Muone vile anaisha! Ule njo mutoto mwenye kulilia mama yake!" Wanawake wote wakaitikia. Kila aliyeingia alionyeshwa mimi. Kaka yangu Ilunga, aliyekulilia mpaka sauti ikakauka, alisemwa vibaya na ukoo mzima kwa sababu alimega matonge ya bukari sahani mbili siku ya mazishi. Na mimi, Mama, nilinyamaza. Niliendelea kuvaa nguo nyeusi na kuchoma sindano, nikipokea sifa za machozi ambayo nusu yake ilikuwa ya dawa.

Nililia pia. Hilo ulijue. Nililia sana. Ila mwili haukuisha kwa kulia.

Mwezi wa saba wa kilio, Mama mdogo alichagua kitambaa cha siku ya kuvua nyeusi, na tukapelekwa kwa Tata Kabange fundi kupimwa. Alinipima nikiwa mwembamba kama msichana wa sekondari. Haikupita muda, tumbo likafunga kabisa. Nikawa natapika hata maji. Daktari aliniangalia, akasema tusimamishe sindano, na safari hii hakutaka mjadala.

Nilidhani mambo yameisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Wiki chache tu, njaa ikarudi na hasira ya mtu aliyefungiwa nje. Kisha magoti yakavimba tena, na vidole, asubuhi nashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Tumbo nalo likawa halieleweki, leo limefunga, kesho linanikimbiza chooni katikati ya karatasi za watu, keshokutwa limejaa upepo nashindwa kuinama.

Ungekuwepo ungenicheka, kwa sababu nilifanya makosa yote ya mtaa wetu, moja baada ya jingine. Nilinunua vidonge vya maumivu kwa yule kijana anayetembeza dawa kichwani, ndani ya beseni, nikavimeza asubuhi bila kula. Magoti yalitulia siku mbili, tumbo likawaka moto. Mama mdogo aliposikia nina tumbo, alipanda gari kutoka Fungurume na mpira wake wa lavema, ule wa kusafishia tumbo kwa nyuma, pamoja na tangawizi na pilipili za kusaga. Unamjua. Ukimwambia kichwa kinauma, analeta lavema. Sikuthubutu kumkatalia, na sitakueleza yaliyofuata, ila nilimwita kila mtakatifu wa parokia yetu.

Nilirudi kwa daktari natembea upande upande. Nilipomweleza ya pilipili alifunika uso kwa faili, akacheka mpaka miwani ikadondoka. Kisha akawa mpole. "Tumbo yako ililala siku mingi," aliniambia. "Sasa inaamuka. Usiipigie makelele." Akanieleza kwamba uvimbe haukuwa umepona, ulikuwa umetulizwa tu, na sasa lazima tuutulize kwa njia nyingine, taratibu. Vidonge vya barabarani basi. Lavema basi. Akanipa dawa ya magoti ya kunywa baada ya chakula, kwa siku alizozitaja yeye. Bukari nipunguze tonge, niongeze matembele na samaki wadogo. Maharage nianze na vijiko viwili, tumbo lizoee. Soda niache, na ile mikate ya mafuta ya asubuhi, Mama, ambayo nilipoiacha machozi yangu yalikuwa ya kweli kabisa. Maji. Usingizi. Na kila nikila, nitembee kidogo.

Basi natembea. Alfajiri, baada ya lori la maji kulowesha barabara na kabla vumbi halijaamka, naenda mpaka kwenye ukuta wa kanisa na kurudi. Wiki ya kwanza nilikuwa nashika kuta za watu. Siku hizi nasalimia. Magoti bado yanavimba baadhi ya asubuhi, sikudanganyi, na mwili umerudi karibu nusu. Lakini tumbo limeanza kuwa na adabu, na vifungo vyangu nafunga mwenyewe.

Wiki tatu kabla ya kutosha kilio, nilijaribu ile nguo aliyoshona Tata Kabange. Haikupita hata mabegani. Nikakaa kitandani na nguo imenikwama kichwani, nikaanza kusikia maneno ya ukoo kabla hayajasemwa: amenenepa, amemsahau mama yake. Kwenye friji, nyuma ya chupa za maji, ilikuwa imebaki kalamu moja ya sindano. Nikaenda nikaitoa. Nikahesabu wiki. Nikainua blauzi, Mama, nikashika nyama ya tumbo kama nilivyozoea. Tumbo ambalo lilikuwa ndiyo kwanza linaamka.

Nikasikia sauti yako kwenye simu. "Ulikunywa?"

Niliweka ile kalamu chini nikalia, na safari hiyo nilikulilia wewe tu, hakuna dawa ndani yake. Sikutaka kuvua nguo zako nyeusi na uongo ule ule niliozivaa nao. Kesho yake nikampelekea daktari ile sindano. Aliipokea akasema siku mwili ukiihitaji tena tutakaa tuzungumze, mimi na yeye, ila si kwa ajili ya nguo. Nikamuuliza, na munkoyo je? Akasema si dawa, ni kinywaji, ila kikombe kidogo bila sukari hakitanidhuru, nilisikilize tumbo.

Nikachukua mizizi uliyoiacha imefungwa kwenye gazeti juu ya kabati. Mara ya kwanza niliitia uji ukiwa moto, kwa haraka ya kwenda kazini. Ulibaki mzito, hata kuku waliutazama wakaondoka. Ndipo nikakukumbuka, kidole ndani ya sufuria, unahesabu polepole: uji usiochoma kidole ndio ulio tayari kupokea mzizi. "Munkoyo haipendake haraka," ulikuwa ukisema, nasi watoto tunazunguka sufuria na vikombe vyetu. Mara ya pili nilisubiri. Kesho yake uji ulikuwa umelainika, una povu, una harufu ya uani kwako.

Nguo niliirudisha kwa Tata Kabange nimeificha kwenye mfuko mweusi. Aliikunjua, akaniangalia, akachukua futi yake. "Mama, mwili iko ya Mungu, nguo njo iko ya fundi," akaniambia. Kitambaa kile kilikuwa kimekwisha madukani. Nikampa pagne yako ya njano, ile ya kujifunga kiunoni sokoni, yenye doa la mizizi lisilotoka. Akakata vipande viwili virefu, akavishona mbavuni, kimoja kila upande.

Kwa hiyo jana, baada ya misa, tukiwa uani, Mama mdogo alinivua nyeusi mbele ya ukoo wote, akanivisha. Akaona. Unajua hana sauti ndogo. "Odette, ile bitambaa ya mbavuni ni ya nini?" Watu wakageuka. Ningeweza kusema ni ukumbusho, na wangepiga makofi. Nikasema ni vya mwili uliorudi. Nikasema yote, nimesimama: sindano, ndoo ya bluu, mfereji. Nikasema Ilunga alikula bukari kwa sababu alikuwa na njaa na huzuni, na mimi sikula kwa sababu ya dawa, na kilio hakipimwi kwa mifupa ya mtu.

Nilisikia malori ya barabara kuu. Nilifikiri Mama mdogo atanirudishia nguo nyeusi. Badala yake aligeuka, akamtafuta Ilunga kwa macho, akamwendea, akapiga goti moja mbele yake. "Ilunga, mwana wangu, unisamehe juu ya ile bukari." Ilunga, mwanaume mzima mwenye mvi, akaanza kulia kwa sauti. Kisha mtu akacheka, na wote wakacheka, hata yeye katikati ya machozi. Mama mdogo akanirudia, akanibinya mbavu juu ya kitambaa chako cha njano na kuninong'oneza kwamba ungenichapa kwa ajili ya munkoyo niliomwaga, ila juu ya sindano ungeuliza tu kama inauma.

Inauma kidogo. Ningekuambia.

Nakuahidi nitatembea kesho, na keshokutwa, hata siku ambazo magoti hayataki. Nakuahidi tumbo langu sitalitia tena aibu wala haraka, na mwili huu, ukipungua au ukiongezeka, sitausingizia tena jambo. Kiti chako nakibakiza, na waya wake. Ukae vizuri huko uliko, Mama, upumzishe miguu.

Na lile swali lako. Jana, watu walipokuwa wakicheza, nilijichotea munkoyo wangu kutoka kwenye sufuria, nikamimina ndani ya ile ndoo ya bluu. Kiasi cha kikombe, bila sukari. Ulikuwa mchachu kuliko wako, na chini ulibaki mchanga wa mahindi nisiouchuja vizuri. Tumbo lilinguruma, likatulia.

Nilikunywa, Mama. Wote.

Mutoto wako,
Odette